Mwalimu Aliyeanza na Jibu

Aliingia darasani akiwa amechelewa, kama ilivyokuwa kawaida yake, akaandika kumi na mbili ubaoni, akaizungushia duara, kisha akatugeukia.

"Jibu ndilo hilo," alisema. "Swali lilikuwa gani?"

Tulikuwa wasichana wa kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko Makueni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hakuna aliyewahi kutuuliza kitu cha namna hiyo. Shule ya msingi tulijua mwalimu ana swali, na mwanafunzi ana jibu au ana kiboko kinachomngoja. Tukainamia madaftari. Mwishowe msichana mmoja wa nyuma akasema, sita mara mbili. "Endelea," akasema Mwalimu. Mwingine akasema, tatu mara nne. "Endelea." Ishirini toa nane. Nusu ya ishirini na nne. Kengele ilipolia ubao ulikuwa umejaa, naye amesimama pembeni, chaki kwenye nywele, amefurahi kama mtu aliyekaribishwa chakula. Akatuachia neno moja la kwenda nalo bwenini: "Jibu halina mzazi mmoja. Mtu akikuonyesha jibu, usikimbilie kusema unamjua mama yake."

Ninamsimulia kwa majivuno, niseme mapema. Wengine wana wajomba wakubwa serikalini wa kutajwa kwenye harusi. Mimi nina Mwalimu, na sijawahi kuona mjomba wa mtu wa kumzidi.

Neno lake la sifa lilikuwa hilo moja, endelea. "Vizuri sana" hatukuwahi kuisikia kinywani mwake, wala "sahihi". Ukimpelekea hesabu iliyonyooka kuanzia juu hadi chini alikurudishia daftari na kusema endelea, nawe ukarudi kwenye dawati bila kujua kama umepasi au umefukuzwa. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba wazazi wanataka alama. Mwalimu akampa alama. Ila kando ya alama, kwa wino mwekundu, aliandika endelea hata kwa yule aliyepata mia.

Kwenye kuchelewa alikuwa bingwa. Mwanamke aliyeweza kukuambia treni mbili zitakutana wapi hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati. Kanisani aliingia wakati wa sadaka, akapita katikati mpaka benchi la mbele na gauni lake la kitambaa kizuri, viatu vikilia sakafuni, na mchungaji akangoja akae. Alipenda kuonekana. Nasema hivyo kwa sababu watu wakimkumbuka leo wanamfanya kuwa mtakatifu mnyenyekevu, na unyenyekevu ndio kitu kimoja alichokosa. Alipoenda Nairobi kusomea shahada ya juu, alituambia wazi kwamba akirudi tumwite Daktari. Aliporudi hakuna aliyemwita hivyo. Sokoni, kanisani, hata mama yake mzazi, wote walimwita Mwalimu. Alikasirika, akaitika.

Na kupika hakujua. Muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulikuwa na chumvi ya kutosha ng'ombe. Lakini alikuwa na tabia moja ya jikoni iliyonishangaza tangu siku ya kwanza aliponialika nyumbani kwao: watu wakishamaliza kula, alipita akitazama sahani. Hakutazama kilicholiwa, alitazama kilichobaki. Huyu ameacha maharagwe, yule ameyaacha mahindi magumu yote ukingoni. "Mgeni akimaliza atasema asante hata kama ulimpa mawe," alisema. "Angalia mabaki. Mabaki hayana adabu." Mama yake, mzee wa maneno machache aliyekaa mlangoni akisokota mkonge pajani kwa ajili ya viondo, vikapu vya kwetu, akasema bila kuinua macho, "Na wewe mabaki yakikuambia punguza chumvi, unasikia?" Tulicheka sana, na Mwalimu akacheka zaidi yetu.

Nilipomaliza shule nikasomea kazi ya kupiga picha za hospitali, eksirei kwanza, halafu mashine za ultrasound zilipoanza kufika. Hospitali iliyoniajiri ilikuwa ya misheni, kusini mwa Kitui, ng'ambo ya Mutomo, mahali ambapo mbuzi waliingia mpaka kwenye foleni ya wagonjwa na hakuna aliyeshangaa. Mashine yetu ilikuwa ya msaada, iliyotumika kwingine miaka mingi. Inatuma sauti ndani ya mwili, sauti ambayo sikio haliisikii, kisha inangoja irudi, na kutokana na mwangwi ule inachora picha. Picha zake zilikuwa za kusikitisha. Mama mmoja alinyanyua shingo kitandani akatazama kioo, akaniuliza, "Sista, hii ni mtoto ama ni mawingu?" Nikamwambia ni mtoto. Ukweli ni kwamba kila siku nilikuwa nasoma mawingu na kuomba Mungu.

Nilimweleza Mwalimu jambo hilo likizo moja, nikidhani nalalamika tu. Wakati huo alikuwa katikati ya masomo yake ya Nairobi, amekuja kumtembelea mama yake. Aliweka kikombe chini.

"Hiyo mashine inakupa nini?"

"Picha mbaya, Mwalimu."

"Hapana. Inakupa jibu. Swali ni mwili wa yule mama. Kuna miili mingapi inaweza kutoa picha mbaya kama hiyo?"

"Mingi."

"Endelea."

Hivyo ndivyo alivyopata kazi ya utafiti wake, juu ya mkeka wa mama yake, chai ikipoa. Wenzake chuoni walikuwa na maswali ya kutoka vitabuni. Yeye alikuwa na mashine mbovu ya Kitui.

Nitaeleza alichofanya jinsi alivyonieleza, kwa maana alichukia mtu kusema "ni hesabu ngumu" na kukaa chini. Kila mashine ina namna yake ya kupaka. Chukua uzi mmoja mwembamba, unyooshe ndani ya karai la maji, uupige picha. Uzi ni nukta, lakini kwenye kioo unatokea doa nene, limenyooka upande mmoja na kufifia upande mwingine. Doa lile ndilo kosa la mashine, na mashine haibadilishi tabia: kila nukta ya mwili wa mgonjwa inaipaka vilevile. Sasa ukishalijua doa, unaiuliza kompyuta: ni mwili gani, ukipakwa hivi, ungetoa picha hii? Miili itakayojibu ni mingi, mingine ya kichaa kabisa. Unachagua ule uliotulia kuliko yote ambao bado unakubaliana na picha. "Uliotulia, lakini si uliolala," alisema. "Ukiutuliza kupita kiasi unaua."

Kwa hiyo alikuja na karai. Tuliliweka kwenye meza ya chumba changu, tukalijaza maji yaliyochemshwa, na akatoa uzi mkobani kwa heshima kama mtu anayefunua Biblia ya babu. Ulikuwa mkonge, umesokotwa na mama yake pajani, mwembamba na imara.

"Watu wa huko nje wanatumia nyuzi za maabara," alisema. "Sisi tutatumia wa mama yangu. Nataka jina la sayansi lipite kwenye paja la mwanamke wa Ukambani."

Nilifurahi naye. Tulipiga picha, tukairekodi kwenye kanda ya video, akaenda nayo Nairobi. Wiki chache baadaye akanitumia picha za kwanza zilizosafishwa, za wagonjwa waliokubali picha zao zitumike, na jamani, mawingu yalikuwa yameondoka. Ini lilikuwa na ukingo. Figo ilikuwa figo. Daktari wetu, mzungu mtaratibu asiyeshangaa ovyo, alizibandika ukutani. Mwalimu alipeleka matokeo yake kwa waliomsimamia, nao wakamwambia shahada iko karibu.

Wakati huo mimi nilikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, moja nikiwa kazini, na sitaki kuyasimulia hayo zaidi ya hapo. Hii ya tatu ilikuwa imevuka mwezi wa saba, na mume wangu, fundi wa magari kule Mtito Andei, alikuwa hapumui kwa hofu. Mama yangu alikuwa ameapa kwamba safari hii nitaenda kwake Makueni miezi ya mwisho na mtoto atapokelewa kwa mikono yake, maana hospitali ndiko nilikowapoteza wawili. Hakumaanisha ubaya. Ilikuwa huzuni inasema.

Daktari akanipiga picha kwanza. Chini ya kibofu kulikuwa na ukungu usiojulikana, huenda ni kitu, huenda ni mawingu yetu ya kila siku. Nilikuwa nimetoka damu kidogo mara moja, bila maumivu, na hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi. Alihofia kwamba kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Kama ndivyo, uchungu ukianza nyumbani kwa mama, mbali na chumba cha upasuaji, tungekufa wote wawili. Tukapeleka kanda kwa Mwalimu.

Picha ikarudi safi. Chini ya kibofu palikuwa wazi, hapana kitu. Nililia kwa furaha mbele ya mfagiaji. Nikafunga nguo zangu, mume wangu akatafuta gari la kunipeleka Makueni siku ya Jumamosi.

Ijumaa mchana lori la mbuzi lilisimama mbele ya lango la hospitali, na aliyeshuka kutoka kando ya dereva alikuwa Mwalimu. Gauni lake zuri lilikuwa na vumbi mpaka shingoni na harufu ya beberu. Basi lilikuwa limeharibika njiani naye hakutaka kungoja lingine. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona amefika mapema.

"Umefunga mzigo?" aliniuliza, bila salamu.

"Ndiyo, Mwalimu. Kesho naenda."

"Fungua."

Tuliingia kwa daktari. Wauguzi wawili walikuwepo, na katibu wa hospitali. Mwalimu akatandaza karatasi mezani. Akaeleza kwamba baada ya kututumia picha alifanya kama afanyavyo na sahani: aliichukua ile picha safi, akaipaka tena kwa doa la mashine, akaitoa kwenye picha ya kwanza, akatazama kilichobaki. Kama kazi ni nzuri, kinachobaki ni chengachenga tu, mchanga usio na sura. Kwenye picha yangu hakikubaki mchanga. Kilibaki kipande chenye ukingo, kama mwezi mchanga, pale pale chini ya kibofu.

"Mabaki yakiwa na umbo," alisema, "kuna kitu kimefichwa. Picha hii ni safi kuliko ukweli."

Daktari akauliza taratibu kama huenda mashine ndiyo iliyokosea.

"Mashine haikukosea. Nilikosea mimi." Alisema hivyo kwa sauti ya darasani, wote wakasikia, hata wagonjwa wa barazani. "Ni uzi. Uzi wa mama yangu."

Mkonge uliosokotwa kwa mkono una nafasi ndani yake, na ndani ya nafasi kuna hewa. Ukiuweka majini, viputo vinabaki humo hata ukiuloweka. Sauti ikikutana na hewa hurudi kwa kishindo na kujirudiarudia, kwa hiyo doa la uzi ule lilikuwa na mkia mrefu ambao haukuwa wa mashine. Kompyuta ikaamini kwamba mashine yetu inabandika mkia chini ya kila mstari mkali. Ikawa inafuta. Na ukuta wa kibofu ni mstari mkali, na kilichokuwa chini yake ilikifuta, ikidhani ni mkia.

Muuguzi mmoja akamwuliza sasa itakuwaje. Mwalimu akamtuma sokoni kwa wale kina mama wa viondo, ambao siku hizo walikuwa wameanza kusuka kwa nailoni. Mmoja wao alikuja mwenyewe na uzi mkononi, kutaka kujua.

"Unataka rangi gani, Mwalimu?"

"Rangi yoyote, mama. Usiwe na hewa tu."

"Ngai! Uzi wa kuosha kwa karai? Na hii ndiyo masomo ya Nairobi?"

"Ndiyo masomo yenyewe. Simama hapa ushike huku, mimi nitashikilia kule."

Wakashika, mwanamke wa soko upande mmoja na Mwalimu mwenye harufu ya mbuzi upande mwingine, nami nikapiga picha, tumbo langu likigusa meza. Doa lilikuwa fupi. Mkia haukuwepo. Mwalimu alilitazama muda mrefu, kisha akasema kwa Kikamba, polepole, jambo ambalo sikutarajia: kwamba mama yake asiambiwe. Aliogopa mzee atadhani uzi wake ni mbaya. "Uzi si mbaya," aliniambia. "Ni wa kiondo. Mimi ndiye niliyeupeleka mahali si pake."

Alirudi Nairobi asubuhi yake na kanda. Mimi nilikatazwa kutoka nje ya ua la hospitali. Mama yangu alipopata habari alikuja mwenyewe kutoka Makueni, amekasirika, akalala kwenye nyumba ya wauguzi, akanuna kwa kila aliyemsalimu. Picha mpya ilipofika haikuhitaji mtaalamu. Kondo lilikuwa limetandaa chini ya kibofu mpaka limefunika mlango wote, ukingo wake ukifanana kabisa na ule mwezi wa mabaki. Daktari akamwonyesha mama yangu. Akaigusa kwa kidole, akauliza, "Na mtoto atapitia wapi?" Daktari akamjibu kwamba hawezi kupita, itabidi tumfungulie sisi. Mama akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya kwa nguvu, akasema basi na afunguliwe.

Damu ilianza kabla ya siku tuliyopanga, alasiri, nikiwa nimekaa barazani nachambua pojo. Chumba cha upasuaji kilikuwa upande wa pili wa ua. Nakumbuka taa, nakumbuka mama yangu akiimba wimbo wa kanisani nje ya dirisha, na sauti yake ikikatika aliposikia sauti nyingine, ndogo, yenye hasira. Alikuwa msichana.

Kuna jambo ambalo Mwalimu hakuniambia, nililisikia kwa mwalimu mwenzake miaka baadaye. Yale matokeo ya kwanza, yenye uzi wa mkonge, yalikuwa tayari mikononi mwa watahini. Angeweza kubadilisha uzi kimyakimya na kuendelea. Mmoja wa waliomsimamia alimshauri hivyo, kwa kuwa picha nyingi zilikuwa nzuri vilevile. Mwalimu akaomba yarudishwe yote. Akapiga upya kila picha, mgonjwa kwa mgonjwa, na shahada ikachelewa zaidi ya mwaka. Na siku ya kutetea kazi yake alisimama mbele ya maprofesa akaanza, bila shaka, na jibu: akawaonyesha ile picha safi ya tumbo langu, akawauliza imekosea wapi. Wanasema waliipitisha mkono kwa mkono. Halafu akatoa mkonge mkobani.

Mwanamke yule aliyetaka aitwe Daktari aliuahirisha u-Daktari wake kwa hiari yake. Wengine wanaona huo ni mgongano wa tabia. Mimi naona ni majivuno yale yale, yamekaa mahali pake. Hakutaka jina lake likae juu ya kitu kilichofichwa.

Mara ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa Mtito Andei, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimehamia huko kwa mume wangu. Yeye alikuwa akienda Mombasa kwenye mkutano, na kwa kuwa mabasi husimama hapo abiria wale chakula, alikuwa ametutumia habari tukamkute hotelini. Tulingoja sana, basi lilichelewa, na binti yangu akasema bila kuambiwa na mtu, "Si ni yule wa kuchelewa?"

Alikuwa amezeeka. Miwani ilikuwa minene, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Alinipapasa uso, akacheka. "Sasa mimi ndiye mashine yenu ya zamani," alisema. "Nakuona kama mawingu." Gauni lilikuwa zuri. Mhudumu alipoleta chai akamwita mama, Mwalimu akamrekebisha, "Daktari." Yule kijana akasema sawa, Mwalimu, maana alikuwa amesikia tunavyomwita. Yeye akaguna, akanywa.

Kisha akamvuta binti yangu karibu, akachovya kidole kwenye chai, akaandika moja mezani.

"Jibu ndilo hilo. Swali lilikuwa gani?"

Mtoto alikuwa darasa la pili. Alitazama ile moja ikikauka, akakunja uso kama mama yangu, akasema, "Tatu toa mbili."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za wale wawili waliomtangulia. Nilishika ukingo wa meza. Mwalimu akanigeukia na jicho lake zima, na najua aliniona vizuri, ukungu au bila ukungu. Alipitisha mkono juu ya meza akaushika wangu, bado akimtazama mtoto.

"Endelea," akamwambia.

"Nne toa tatu," akasema binti yangu. "Tano toa nne. Kumi toa tisa." Dereva alikuwa amekwisha kupiga honi mara ya pili, abiria wakipanda, na Mwalimu hakuinuka. Mtoto alikuwa bado anaendelea.